Si Taa Inawaka? Historia Fupi ya Mwanga Unaoua Vijidudu

Najua nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya hifadhidata, lakini hiyo itangoja. Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikikesha hadi saa nane za usiku nikisoma mambo ya taa, zebaki na simbilisi, na kisa chenyewe kilianzia kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa ana duka la maji hapa mtaani kwetu, Nairobi. Maji yanatoka kwenye kisima kirefu, yanapita kwenye vichujio vitatu, kisha yanaingia kwenye bomba la chuma lenye taa ndani yake, ndipo yanajazwa kwenye mitungi ya lita 20. Aliniita nimwandikie programu ndogo ya kuhesabu mitungi na kulinganisha na malipo ya M-Pesa. Nikiwa pale nikamwuliza ile taa ya buluu ni ya nini.

"Ni ya UV. Inaua vijidudu."

Iliwekwa lini? Wakati alipofungua duka, yaani zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Imewahi kubadilishwa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua limewahi kubadilishwa. "Wewe nawe! Si taa inawaka?"

Sasa, sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ni ile seva ambayo ukiibishia hodi inaitika, mchana na usiku, kumbe ndani hakuna kazi inayofanyika. Nilifungua bomba siku hiyo hiyo. Ile neli ya kioo inayoifunika taa ilikuwa imejaa ukoko mweupe, kama sufuria ya kuchemshia maji ya chumvi. Taa inawaka, ndiyo. Lakini inafanya nini? Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nikagundua kwamba swali la dada yangu lina zaidi ya miaka 100.

Tuanzie mbali kidogo. Ukipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu unapata rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Mwaka 1801 Johann Wilhelm Ritter, kijana wa miaka 24 wa mjini Jena, Ujerumani, alichukua karatasi iliyolowekwa kwenye kloridi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, akaiweka chini ya rangi hizo. Karatasi iligeuka nyeusi haraka zaidi mahali ambapo macho yake hayakuona kitu, pale nje ya urujuani. Kwa hivyo kulikuwa na mwanga mwingine hapo. Kiswahili chetu cha vitabuni kinauita urujuanimno, jina zuri kwa kweli, ingawa ukienda nalo kwa fundi wa mabomba atakuuliza unatafuta nini. Mwambie UV.

Ilichukua miaka 76 kabla ya mtu kuonyesha kwamba mwanga una uadui na vijidudu. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, waliweka vichupa vya mchuzi wa kukuzia bakteria dirishani. Vingine walivifunika visipate mwanga, vingine wakaviacha vipigwe na jua. Vilivyofunikwa vilichafuka. Vilivyoachwa juani vilibaki vyangavu kwa miezi. Kisha wakaona kwamba rangi za upande wa urujuani ndizo zenye nguvu zaidi katika kazi hiyo. Hapo nilimkumbuka marehemu nyanya yangu, aliyekuwa akianika vyombo juani kwenye kichanja nyuma ya jikoni na kufoka ukivitoa mapema. Hakuwahi kumsikia Downes wala Blunt.

Anayefuata ni Niels Finsen, daktari aliyezaliwa katika visiwa vya Faroe na kufanya kazi Copenhagen, Denmaki. Yeye alitibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu polepole, kwa kukusanya mwanga wa jua na baadaye wa taa kali za umeme kupitia lenzi kubwa. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1904 akafariki akiwa na miaka 43, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kuna kichekesho hapa ambacho sikukitarajia: miaka 100 baadaye wataalamu walizipima lenzi zake, wakakuta hazikuwa zikipitisha ile miale mifupi iuayo bakteria. Wagonjwa walipona, tena wengi, lakini kwa njia nyingine. Yaelekea mwanga uliopita ulikuwa ukiamsha kemikali zilizomo ndani ya bakteria wenyewe, nazo zikawaua. Programu ilifanya kazi, maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kosa. Anayefanya kazi yangu asimcheke Finsen.

Jua lina shida moja kubwa. Miale mifupi iuayo vizuri zaidi, ile tunayoiita UV-C, haifiki ardhini kwetu, huzuiliwa huko juu angani. Ukiitaka, itengeneze. Mwaka 1901 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alipata hataza ya taa ya mvuke wa zebaki. Umeme ukipita kwenye mvuke huo kwa mgandamizo mdogo, sehemu kubwa ya mwanga unaotoka huwa ni wa nanomita 253.7, jambo ambalo linatufaa sana bila sisi kuwa tumeliomba. Lakini kioo cha kawaida huufunga mwanga huo kama ukuta. Ikabidi taa ziundwe kwa kwatzi, kioo kigumu kinachohitaji joto kali mno kuyeyuka, na taa za aina hiyo zilianza kupatikana Ujerumani miaka michache tu baadaye.

Basi watu wakaona mambo yamekwisha. Mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulikuwa tayari umejaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa hizo, na mwaka 1916 mji wa Henderson, jimbo la Kentucky huko Marekani, ukafuata. Na zote hazikudumu. Taa zilikuwa ghali, ziliharibika mara kwa mara, na mbaya zaidi, mtu wa zamu hakuwa na njia rahisi ya kujua kama miale inatoka kwa kiasi kinachotakiwa. Macho hayaoni UV. Ule ubuluu unaouona ni makombo tu, mwanga mwingine unaotoka pamoja nayo, na unaweza kuendelea kung'aa vizuri huku UV yenyewe imedhoofika au imezuiliwa na ukoko. Unaona sasa? Mhudumu wa Marseille na dada yangu walikuwa na swali moja.

Wakati huo huo Jersey City, Marekani, walianza mwaka 1908 kutia klorini kwenye maji ya mji mzima. Klorini ni rahisi, ni nafuu, na inabaki ndani ya maji hadi kwenye bomba la nyumbani. Unaweza kuipima kwa rangi, unaweza hata kuinusa. Mwanga hauachi kitu nyuma. Maji yakitoka kwenye taa na kuingia kwenye mtungi mchafu, yamekuwa machafu tena. Klorini ikashinda, na kwa haki. Taa za maji zilikaa kando kwa miongo mingi, isipokuwa huko Uswisi na Austria ambako zilirudi miaka ya 1950.

Kabla sijafika kwenye hewa, acheni niseme jinsi mwanga huu unavyoua, maana ni sehemu niliyoipenda kuliko zote. Frederick Gates, wa taasisi ya Rockefeller ya New York, alipima kwa uangalifu miaka ya 1920 ni urefu gani wa mawimbi unaoua bakteria vizuri zaidi. Alipata kilele karibu na nanomita 265. Kisha akaona kitu cha ajabu: mchoro wake wa kuua ulifanana na mchoro wa jinsi asidi za kiini cha chembe hai zinavyomeza mwanga. Haukufanana na ule wa protini, ambayo wengi wakati huo waliamini ndiyo hubeba urithi. Oswald Avery na wenzake walikuja kuonyesha kwamba DNA ndiyo yenye urithi mwaka 1944. Gates alikuwa ameushika mkia wa jibu bila kujua mnyama ni nani.

Mwaka 1960 Waholanzi Beukers na Berends walionyesha kinachotokea hasa. DNA imeandikwa kwa herufi nne. Herufi mbili za T zikiwa jirani na zikipigwa na miale hii, zinagandamana. Bakteria akitaka kujinakili anafika pale, hawezi kusoma. Hajachomwa wala hajatiwa sumu, faili lake limeharibika tu. Na kuna zaidi: mwaka 1949 Albert Kelner aligundua kwamba baadhi ya viumbe waliopigwa UV hufufuka ukiwaweka kwenye mwanga wa kawaida! Wana kimeng'enya kinachoendeshwa na mwanga unaoonekana, kazi yake ni kuzitenganisha zile herufi. Bakteria walikuwa na programu ya kurekebisha mafaili kabla hatujawa na mafaili. Ndiyo maana dozi ni jambo zito. Ukimpiga bakteria nusu nusu, hujamaliza kazi.

Haya, tuje kwenye hewa, ambako hadithi inauma.

William Firth Wells alikuwa mhandisi wa usafi, si daktari, na nadhani hilo lilimponza. Akiwa Harvard miaka ya 1930 alieleza kwamba mtu akikohoa, matone makubwa huanguka chini, lakini yale madogo hukauka kabla ya kufika sakafuni na kubaki yakielea kama vumbi, yakiwa na vijidudu ndani. Hewa ya chumba, basi, ni kama maji ya kisima: inaweza kuchafuliwa, na inaweza kusafishwa. Madaktari wa wakati ule walikuwa wamehangaika sana kuwaondoa watu kwenye imani ya zamani kwamba magonjwa huletwa na hewa mbaya. Sasa huyu mhandisi anairudisha kwa mlango wa nyuma? Hawakutaka kumsikia.

Yeye na mkewe, Mildred Weeks Wells, ambaye alikuwa daktari, walifunga taa za UV kwenye madarasa ya shule ya Germantown huko Philadelphia kuanzia mwaka 1937. Taa ziliwekwa juu ya vichwa, zikimulika sehemu ya juu ya chumba tu, ili hewa ipande, isafishwe na kushuka bila macho ya watoto kuunguzwa. Mwaka 1941 surua ikaingia mjini. Katika madarasa yasiyo na taa, zaidi ya nusu ya watoto waliokuwa hawajawahi kuugua surua waliipata. Katika yenye taa, ni kama 13 kwa kila 100.

Ungedhani huo ndio mwisho wa ubishi. La. Mwaka 1945 na 1946 watafiti wengine walijaribu tena kwenye shule za mashambani za jimbo la New York, na safari hii tofauti ilikuwa ndogo. Kwa nini? Watoto wa huko walikuwa wakipakiwa kwenye basi moja asubuhi na jioni. Taa zililinda darasa, hakuna aliyelinda basi. Kila nikipanda matatu iliyofungwa madirisha siku ya mvua, huku mtu akikohoa kiti cha nyuma, nawakumbuka wale watoto. Lakini walioyasoma matokeo hawakusema "basi". Walisema taa hazifai, wakaendelea na mambo mengine.

Wells hakuacha. Yeye na mwanafunzi wake wa zamani, daktari Richard Riley, walitumia wadi ndogo ya vitanda sita vya wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali moja ya Baltimore. Hewa ya wadi ilivutwa kwa mabomba hadi juu kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi mno. Simbilisi hawakumwona mgonjwa wala kushika kitanda chake. Walivuta hewa yake tu. Wakaugua. Kisha wakatengeneza vizimba viwili: kimoja kilipata hewa jinsi ilivyo, kingine hewa ile ile ikiwa imepitishwa kwenye taa za UV. Katika miaka miwili ya jaribio hilo, upande wa taa hakuugua hata mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962. Mwaka 1963 Wells akafariki.

Lakini dunia ilikuwa imeshaangalia upande mwingine, na hapa sisi Afrika Mashariki tumo ndani ya hadithi. Streptomaisini ilikuwa imepatikana mwaka 1943 na isoniazidi mwaka 1952. Katika miaka ya 1970 majaribio makubwa yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Waingereza yalionyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Ilikuwa kazi kubwa, na watu wengi wako hai kwa sababu yake. Ila ukiwa na dawa nzuri hivyo, nani atanunua taa? Kisha ukaja UKIMWI, zikaja aina za kifua kikuu zisizosikia dawa, na watu wakaenda kufukua makaratasi ya Riley.

Wakayarudia majaribio yale, simbilisi na wote. Mjini Lima, Peru, matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba simbilisi waliovuta hewa ya wadi bila kinga waliambukizwa asilimia 35, na waliovuta hewa wakati taa za UV zinawaka asilimia 9.5. Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba taa zikifungwa vizuri na feni zikizungusha hewa, maambukizi hupungua kwa asilimia 80 hivi. Angalia neno feni. Taa ya juu bila hewa kupanda kuifikia ni pambo.

Hata hivyo, korona ilipokuja, Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye Twitter tarehe 28 Machi 2020 kwamba ugonjwa huo hauenezwi kwa hewa. Lilichelewa sana kugeuza kauli. Sehemu ya tatizo ilikuwa namba moja: vitabuni iliandikwa kwamba tone lililo zaidi ya mikroni 5 huanguka upesi. Wells mwenyewe alikuwa amezungumzia mikroni 100. Ile 5 ilihusu chembe zinazoweza kufika ndani kabisa ya mapafu, ikachanganywa, ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu kwa miaka 60 bila mtu kurudi kwenye chanzo. Sitasema lolote juu ya tabia ya kunakili msimbo wa watu wengine bila kuusoma.

Maji nayo yalipata ufufuo wao. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, ambacho klorini haikitishi, kiliingia kwenye maji na kuwaugulisha watu wanaokadiriwa kuwa 403,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikathibitika kwamba UV hukimaliza kwa dozi ndogo tu. Ghafla kila mji ulitaka taa. New York ilifungua mtambo wake mkubwa mwaka 2013. Sasa mitambo kama hiyo ina kitambuzi kinachopima UV yenyewe, si ubuluu, na kikiona imepungua kinapiga kengele au kufunga maji. Swali la Marseille lilijibiwa, kwa wenye pesa.

Kwa wasio na pesa, jaribio zuri kuliko yote lilifanyika hapa kwetu. Katika miaka ya 1990 Ronan Conroy na wenzake kutoka Ireland walifanya kazi na familia za Wamaasai huko Kajiado. Familia nyingine zilipewa chupa za plastiki angavu, wazijaze maji na kuziweka juu ya paa zipigwe na jua. Nyingine waliweka chupa zao ndani ya nyumba. Kuhara kulipungua, ingawa si kwa kishindo. Kisha kipindupindu kikaingia eneo lile lile. Kwa watu wazima hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani, walioupata ni watatu. Kati ya 144 ambao maji yao yalikaa kivulini, ni 20. Hakukuwa na waya wala zebaki. Jua lenyewe, miale yake mirefu zaidi ikisaidiana na joto, kwa saa nyingi.

Turudi dukani. Tulipeleka maji maabara, chupa moja kabla ya taa na nyingine baada yake, tukiwa bado hatujagusa kitu. Majibu yalikuja baada ya siku chache: bakteria wa kolifomu walikuwepo kwenye zote mbili. Dada yangu aliisoma karatasi mara mbili, akakaa kwenye mtungi uliogeuzwa. "Kwa hivyo miaka hii yote nimewauzia watu nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba taa kama ile hutakiwa kubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi, yaani mwaka mmoja, na kwamba fundi aliyeifunga hakumwambia hivyo.

Alifunga duka kwa siku nne. Tulisugua neli ya kwatzi kwa maji ya ndimu mpaka ukoko ukatoka, tukanunua taa mpya, na nikamwandikia programu nyingine inayohesabu saa za taa na kufunga vali zikifika 8,500. Kitambuzi cha kupima UV chenyewe tumekiagiza, kinagharimu zaidi ya taa, na hadi kifike programu yangu inakisia tu. Sampuli ya pili ya maabara ilirudi bila kolifomu. Siku ya kufungua, wateja walipouliza mbona alifunga, aliwaeleza, mmoja mmoja, na karatasi ya kwanza alikuwa ameibandika ukutani karibu na ya pili. Wengine waliondoka na mitungi yao mitupu. Chini ya karatasi hizo ameandika kwa kalamu nene tarehe ya taa mpya.